Chakula cha Safari Katika Nchi Isiyo na Barafu

Kilo moja ya nyama ya ng'ombe ikinunuliwa mjini Garissa saa mbili asubuhi na kuachwa ndani ya mfuko kwenye buti la gari, haifiki jioni. Mji uko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 35 na kuzidi, hasa Februari na Machi, na mvua ya mwaka mzima ni milimita 300 na kitu. Katika hali hiyo bakteria wa nyama wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa au chini ya hapo. Mtu wa Nairobi anayetoka Ijumaa kwenda kupiga kambi kwenye hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, au kule Kora kwenye ukingo wa Tana ambako George Adamson aliishi na simba wake tangu 1970 hadi alipouawa Agosti 1989, hubeba kasha la barafu. Kufikia Jumamosi mchana barafu imekuwa maji na soseji zinaelea ndani yake.

Wafugaji wa Kaskazini Mashariki wamesafiri ndani ya joto hilohilo kwa karne nyingi, tena si kwa wikendi moja. Familia inayohama kutoka malisho ya mvua kwenda kwenye visima wakati wa jilal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi, huweza kuwa njiani siku nyingi. Vijana wanaochunga ngamia mbali na nyumbani hukaa huko miezi. Na bado walikula nyama, walikunywa maziwa, walimkaribisha mgeni kwa kitu cha kutia mdomoni. Ujuzi uliowezesha hayo ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake: wao ndio waliokausha na kukaanga, waliofukiza vyombo kwa moshi, waliosuka vyombo vyenyewe. Vitabu vya historia ya eneo hili vimejaa mipaka, doria na vita. Kazi hii haikuandikwa sana, ingawa pasipo kazi hii hakuna boma lililoweza kung'oa hema na kuhama.

Tukitafuta maandishi ya kale kuhusu vyakula vya kuhifadhi katika upande huu wa dunia, tuanze Mogadishu. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akaeleza meza ya sultani kwa makini ya mtu aliyekula akashiba: wali uliopikwa kwa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na pembeni yake achari ya ndimu, pilipili zilizolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Samli, mgando, chumvi na siki: kila kimoja ni njia ya kuushinda uozo. Karne zilizofuata misafara ilikuwa ikitoka pwani hiyo ya Benadir, ikipitia miji ya mto Juba kama Bardera na Lugh, hadi kwa Waborana, na chakula kilichoweza kustahimili safari ndicho kilichosafiri.

Ushahidi mwingine ni wa Mskoti James Bruce. Katika kitabu cha safari zake kilichotoka 1790 alisimulia jinsi wapiganaji wa Kioromo walivyokaanga buni, wakaiponda, wakaichanganya na mafuta na kuifinyanga madonge ya kubeba kwenye mfuko wa ngozi. Donge moja, alisema, lilimtosha mtu kwa siku nzima. Wazo hilo halijafa. Kwa Waborana na Wagabra, na kwa Wasomali wengi wa Kenya, buni iliyokaangwa kwenye samli pamoja na maganda yake bado huletwa mbele ya mgeni, hutafunwa, na samli yenye harufu ya kahawa hupakwa mikononi na kichwani. Mafuta yanashibisha, buni inaondoa uchovu, na vyote viwili vinastahimili jua.

Lakini chakula kikuu cha safari ni nyirinyiri. Hilo ndilo jina linalojulikana Garissa, Wajir, Isiolo na hata Nairobi. Waborana husema koche, na Wasomali wa kaskazini mwa Somalia na Somaliland huiita muqmad au oodkac. Huanza na mnofu mtupu wa ngamia, ng'ombe au mbuzi, uliotolewa mafuta, mishipa na utando wote. Hapo ndipo mikono ya mpishi hupimwa mara ya kwanza, kwa sababu utando ukibaki nyama haikauki sawasawa. Mnofu hukatwa vipande virefu vyembamba, vinaanikwa juu ya kamba au matawi ya miiba, mahali penye upepo, mbali na mbwa na mwewe, na kugeuzwa hadi uso wa nje uwe mkavu na mgumu. Hapo vipande huteremshwa na kukatwakatwa tena vidogo, vingine havizidi punje ya haragwe.

Kisha sufuria. Mafuta yanapashwa moto wa wastani, nyama inamiminwa, na kelele zinaanza: maji yaliyobaki ndani yanatoka kama mvuke na mafuta yanatoa mapovu. Mpishi anakoroga bila kuondoka. Hatazami saa, anasikiliza. Mapovu yanapopungua na sauti kushuka, nyama ikawa ya rangi ya kahawia iliyokolea na ngumu ikigongana na mwiko, maji yamekwisha. Akiepua mapema, nyama itaota ukungu. Akichelewa, itaungua na kuwa chungu. Baada ya hapo huja chumvi, iliki iliyopondwa, kitunguu saumu kwa wapendao, na samli iliyoyeyushwa, inayomiminwa mpaka iifunike nyama yote ndani ya chombo. Kanuni moja haivunjwi na yeyote, awe mtoto au mgeni: hakuna mkono wenye maji wala kijiko kibichi kinachoingia humo.

Kanuni hiyo ina sababu. Nyama mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake, na ni maji hayo yanayowalisha bakteria. Yakitolewa juani kwanza, kisha motoni, kilo 4 za mnofu hubaki kama kilo 1 na ziada kidogo, na kile kilichobaki ni kikavu mno kwa kiumbe chochote cha kuozesha kuishi humo. Safu ya mafuta huzuia hewa na unyevu usirudi. Tone moja la maji kutoka kwenye kijiko hufungua mlango upya, si kwa chombo chote mara moja, bali pale lilipoangukia, na ukungu huanza hapo. Nyirinyiri iliyopikwa vizuri na kutunzwa hivyo hukaa miezi kadhaa bila friji. Kinachoiharibu mwishoni mara nyingi si kuoza bali mafuta yenyewe kuchacha kwa sababu ya hewa na mwanga, ndiyo maana chombo cheusi chenye kifuniko kinachobana ni bora kuliko chupa ya kioo.

Mataifa mengine yaligundua jambo hilohilo bila kuambizana. Wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini waliikausha nyama ya nyati wao, wakaiponda na kuichanganya na mafuta, wakaiita pemmican, na wafanyabiashara wa ngozi wakaitegemea kuvuka bara zima. Wafaransa wa kusini-magharibi huihifadhi nyama ya bata ndani ya mafuta yake. Ila hao wote walikuwa na msaada wa baridi: majira ya theluji, au ghala la chini ya nyumba. Nyirinyiri haina msaada huo. Imebuniwa kwa nchi ambayo mafuta yenyewe huyeyuka mchana kivulini, na kwa sababu hiyo ukaushaji wake ni mkali zaidi na vipande vyake ni vidogo zaidi. Ni vigumu kuifikiria bila kuwastahi waliofanikiwa kufika hapo kwa kujaribu, kizazi baada ya kizazi, huku gharama ya kukosea ikiwa mnyama mzima aliyekwisha chinjwa.

Heshima hiyo ilionekana kwenye arusi. Kwa Wasomali wa kaskazini kuna desturi ya xeedho: chombo kilichojazwa muqmad, tende na samli, kinavikwa nguo na kufungwa kwa kamba zenye mafundo mengi mfano wa bibi arusi, na upande wa bwana arusi unatakiwa kuyafungua mafundo hayo mbele ya watu. Masurufu ya safari yaligeuka kuwa heshima ya ndoa. Sisi tunaoweka nyama kwenye friji na kuisahau tunapaswa kujiuliza ni chakula gani cha kwetu tungekivika nguo.

Maziwa yana hadithi yake, na katika Wajir na Mandera ni hadithi kubwa kuliko ya nyama. Ngamia ni ghala linalotembea: huendelea kutoa maziwa miezi mingi baada ya kuzaa, hata wakati ng'ombe amekauka kwa ukosefu wa majani. Maziwa yake mabichi pia huchelewa kuchacha kuliko ya ng'ombe, kwa kuwa yana kwa wingi zaidi protini za kuzuia bakteria, kama vile laktoferini na laisozaimu. Kwa kijana wa kundini masurufu yalikuwa yale yaliyokamuliwa alfajiri na yale ya jioni. Hakubeba kitu kingine, na kama kulikuwa na mgeni au ugonjwa, mbuzi hai alikuwepo, naye haozi.

Yasiyonywewa siku hiyo yaliachwa yagande kuwa suusac. Chombo hufukizwa kwanza: kaa la moto la mti uliochaguliwa, mgunga au mzeituni mwitu kwa mfano, hutiwa ndani, hutikiswa, kifuniko hufungwa, moshi ukashika kuta zote. Moshi huua sehemu ya vijidudu, hukausha unyevu uliobaki kwenye nyuzi, na huyapa maziwa ladha ambayo wanywaji huikosa mara moja pakitumika chombo kingine. Vyombo vyenyewe, dhiil na haan, husukwa kwa nyuzi za mizizi na magome, zikabanwa sana hata tone halipiti. Ndani yake maziwa hukaa siku moja au mbili kwenye joto la kawaida, asidi inaongezeka, na bakteria wengi wanaoozesha maziwa hushindwa kuendelea. Kuna jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi hapa: moshi na uchachu haviondoi ugonjwa wa bruselosi, ambao upo katika mifugo ya eneo hili na humwachia mtu homa na maumivu ya viungo kwa muda mrefu. Desturi ilikuwa na majibu mengi, na kwa hili jibu ni kuchemsha.

Samli haikutoka kwa ngamia. Chembe za mafuta katika maziwa yake ni ndogo mno, hazipandi juu kwa urahisi, na kuyasukasuka ili kupata siagi ni kazi isiyolipa. Ilitoka kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kwa hiyo mfugaji wa ng'ombe wa Ijara na Fafi alikuwa na kitu ambacho mwenye ngamia wa Wajir alikihitaji ili kuifunika nyirinyiri yake. Hata chakula cha safari kilihitaji jirani.

Tofauti kati ya njia hii ya wafugaji na ile ya misafara ya wageni kutoka pwani inaonekana wazi mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake kutoka Austria, Ludwig von Höhnel, walianzia pwani ya Lamu wakiwa na msafara mkubwa wa wapagazi, wakapanda na mto Tana, kisha Chanler akaendelea hadi kinamasi cha Lorian, ambako maji ya Ewaso Ng'iro hupotelea mchangani. Msafara wa namna hiyo uliishi kwa posho. Mpagazi alibeba ratili 60 au zaidi kidogo, na haki yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yaani kama ratili moja na nusu. Hesabu haina huruma: mzigo mmoja wa nafaka uliwalisha watu 40 kwa siku moja tu. Watu 160 walikula mizigo minne kila siku. Kando ya Tana kulikuwa na mashamba ya Wapokomo ya kununua mahindi na mchele. Ukiuacha mto, hakuna wa kukuuzia. Kwa hiyo misafara ya wageni ilikuwa kila mara ikipigana na njaa katika nchi ambayo Wasomali, Waorma na Waborana waliishi na watoto wao. Wageni walibeba chakula kizima mgongoni. Wenyeji walikipandisha chakula juu ya miguu yake minne, wakabeba kile kidogo kilichokaushwa, na ngamia wa mizigo akachukua herio, mikeka na miti ya nyumba, pamoja na vyombo vya maji.

Waingereza walipoitwaa nchi hii waliifunga. Sheria ya mwaka 1902 iliyahusu maeneo ya pembezoni kwa jumla. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi za NFD, ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa mwaka 1926, na sheria nyingine ya 1934 ikaongeza mamlaka ya maofisa juu ya watu na malisho. Kutoka au kuingia kulihitaji kibali. Mifugo ya kaskazini ilikaa chini ya karantini kwa muda mrefu, isiuzwe kwenye masoko ya nyanda za juu. Maofisa wenyewe walilazimika kuhama kama wenyeji: mke wa Gerald Reece, aliyeisimamia NFD miaka ya 1940, aliyaandika maisha hayo katika kitabu kilichotoka 1963, na ngamia 50 wamo hadi kwenye jina la kitabu. Masanduku yao yalijaa vyakula vya kopo.

Wakati huohuo wafanyabiashara Wasomali wa Herti na Isaaq, na Waarabu, walifungua maduka Wajir, Garissa na kwenye vituo vingine vya serikali. Majani ya chai, sukari, mchele na tende viliingia kwenye mizigo ya ngamia. Chai na sukari ni masurufu yaliyokamilika: hayaozi, ni mepesi, na yanageuza maziwa machache kuwa mlo. Bila mtu kutoa amri yoyote, chai iliyochemshwa na maziwa ikaanza kuchukua nafasi ya bakuli la maziwa mabichi. Kwa afya ya meno ilikuwa hasara. Kwa bruselosi ilikuwa faida.

Kisha likaja jeshi. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham, yenye askari wa Afrika Kusini, Gold Coast, Nigeria na Afrika Mashariki, yalitoka upande wa Garissa na Bura kwenda kuwatoa Waitaliano Somalia. Kismayu iliangukia mikononi mwao tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25. Ilikuwa ni jilal, na kila lita ya maji na kila kopo la nyama lilibebwa na malori yaliyozama mchangani. Kopo lilikuwa jibu la Ulaya kwa swali lile lile la nyirinyiri. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula kwenye chupa zilizofungwa na kuchemshwa mwaka 1810, baada ya serikali ya Ufaransa kutafuta namna ya kulisha majeshi, na muda mfupi baadaye bati likachukua nafasi ya kioo. Kopo ni salama na halihitaji ujuzi wa anayelifungua. Lakini linahitaji kiwanda, reli au lori, na pesa. Na Mwislamu wa Garissa hakujua nyama ya ndani ilichinjwa vipi. Nyirinyiri ilihitaji mnyama, jua, mafuta na mwanamke anayeijua kazi.

Mnyama, mafuta na ujuzi huo vilipotea pamoja baada ya uhuru. Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa kaskazini, na Vita vya Shifta, kati ya serikali na wapiganaji waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Kuanzia 1966 serikali iliwakusanya wafugaji kwenye vijiji vilivyolindwa, wakakatazwa kwenda mbali na mifugo yao. Waborana wa Isiolo wanaukumbuka wakati huo kama Gaf Daba, siku za kusimamishwa. Mifugo ilikufa kwa kukosa malisho, mingine ikachukuliwa. Katika kijiji kilichozungushiwa ulinzi hakuna safari, wala hakuna mnyama wa ziada wa kuchinja, wala hakuna sababu ya kumfundisha msichana kusikiliza mapovu ya sufuria kwa ajili ya kuhama ambako hakupo. Unga wa mahindi wa msaada ndio uliokuwa chakula. Sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Wengi wakizungumza juu ya miaka hiyo huhesabu waliouawa, na ni haki wahesabiwe kwanza. Ila ustadi wa kila siku nao ulikatwa, na hasara hiyo haina mnara wa kumbukumbu.

Kilichoirudisha nyirinyiri ni mambo mawili yanayopingana: ukame na mji. Wakati wa ukame, mnyama aliyedhoofika hana bei sokoni lakini mnofu wake bado unafaa, na familia yenye ujuzi humchinja kabla hajafa na kumgeuza kuwa akiba. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Katika kipindi hicho mashirika ya misaada, Msalaba Mwekundu wa Kenya likiwemo, yalinunua mifugo dhaifu ili ichinjwe na nyama igawiwe familia. Mahali penye sufuria, mafuta na mama anayejua, mgao wa siku moja uliweza kuwa wa wiki nyingi. Pasipokuwa navyo, uliliwa haraka au ukaoza. Kila mpango wa kugawa nyama katika nchi hii ungepaswa kugawa mafuta ya kukaangia pamoja nayo.

Mji nao ulileta wateja. Tangu serikali ya Somalia ilipoanguka 1991, mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi umekua kuwa soko kubwa, na watu wake wanataka ladha ya nyumbani. Akina mama wa Isiolo walioungana katika kikundi cha Anolei hukusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Nairobi kwa basi. Kutoka Garissa, umbali wa kilomita 370 hivi, mitungi ya maziwa na ndoo za nyirinyiri husafiri vivyo hivyo. Mitungi ya plastiki imewapa wachuuzi tabu, kwa sababu shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kuisugua, na moshi haushiki kwenye plastiki kama ulivyoshika kwenye nyuzi za dhiil. Barabara pia ina neno lake: mafuriko ya Tana ya Novemba 2023 na ya masika yaliyofuata yaliikata karibu na mji wenyewe, na maziwa hayasubiri maji yapungue. Nyirinyiri husubiri.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, wameichunguza njia ya kuitengeneza nyirinyiri, na vikaushio vya jua vyenye wavu vimejaribiwa badala ya kamba za wazi ili kuzuia nzi na vumbi. Ni mabadiliko mazuri, mradi wahandisi wawaulize akina mama kabla ya kuchora. Badiliko lisilo zuri ni la mafuta. Samli ni ghali, hivyo wachuuzi wengi hutumia mafuta ya kupikia ya dukani, na mafuta yanayobaki majimaji hayashikani na nyama kama samli ya ng'ombe iliyochemshwa vizuri. Mnunuzi wa Soko Mugdi mjini Garissa hufungua kifuniko, hunusa, huchukua kipande kimoja na kukivunja kwa meno. Kikivunjika kwa mlio, ananunua. Kikinyumbuka, anakirudisha.

Nyirinyiri imekwenda mbali zaidi ya Eastleigh. Wasomali wa Minneapolis hawawezi kuileta kutoka Kenya, kwani sheria za forodha za Marekani huzuia bidhaa nyingi za nyama kutoka nchi zenye magonjwa ya mifugo, kwa hiyo huipika huko kwa nyama ya ng'ombe, wakiikausha ndani ya oveni badala ya upepo.

Kwa anayepanga wikendi ya kambi kandokando ya Tana, soko hilohilo la Garissa lina kila kitu. Nusu kilo ya nyirinyiri inawatosha watu wanne kwa siku mbili, kwa kuwa ni kijiko kimoja au viwili juu ya wali au ndani ya anjera, si mnofu wa kujaza sahani. Mchele, tambi, tende, vitunguu, ndimu, chumvi, majani ya chai na sukari havihitaji baridi. Anjera zinaliwa siku ya kwanza na chapati kavu siku ya pili. Maziwa ya ngamia yanunuliwe asubuhi ya safari, yachemshwe, yanywewe siku hiyohiyo. Kwa siku ya pili ni maziwa ya unga. Mtungi wa maji uviringishwe kwa gunia lililoloweshwa na kuning'inizwa kivulini penye upepo, kwa maana maji yanayokauka kwenye gunia huondoka na joto, na hivyo ndivyo madereva wa malori ya njia ya Wajir hupoza maji yao. Vijiko viwe viwili, kimoja cha chai na kingine kikavu cha nyirinyiri, na hicho cha pili kifungwe kwenye kifuniko cha chombo chake kwa uzi. Kama barafu kidogo imepatikana mjini, na katika kundi yuko mtu anayetumia insulini, barafu hiyo ni ya dawa yake, ikifungwa kwa kitambaa ili isiigandishe.